Mwalimu Aliyekalia Mikono Yake

Alikuwa mwoga, na sisi tuliofanya kazi chini yake tulijifunza uoga kwake kama wengine wanavyojifunza kushona. Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Anayetaka nasaba aende Malindi akawaulize wanaozihifadhi. Mimi nilimkuta mtu mzima tayari, buibui lake limetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa ofisi, leso begani, miwani imefungwa kwa uzi mweupe, amesimama mbele ya kabati la chuma linalonguruma, midomo inacheza. Nilidhani anahesabu. Alikuwa anaomba dua kabla ya kubonyeza kitufe kimoja.

Tulimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha hesabu miaka mingi kabla ya kupelekwa ng'ambo kusomea kompyuta. Siku zile, miaka ya themanini, kompyuta ilikuwa kitu ambacho watu wa Kilifi walikuja kukichungulia dirishani. Mradi wetu wa maji ulikuwa na mbili. Moja ilikaa pale ofisini, kwenye chumba kilichotazama mahali feri inapotia nanga. Pacha wake alikaa mbali, kwenye kituo cha pampu kando ya mto Sabaki, mwisho wa njia ya udongo ambayo gari letu liliimaliza kwa nusu siku wakati wa kiangazi, na masika likashindwa nayo kabisa. Ile ya mbali ndiyo iliyowasha na kuzima pampu zilizopeleka maji Malindi. Kati ya hizo mbili ulipita waya mmoja wa simu. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kuitengeneza mashine asiyoiona, kwa kupitia waya ule. Kazi yangu mimi, karani wake, ilikuwa kumsomea kwa sauti kila alichokiandika, herufi kwa herufi, kabla hajakituma.

Juma langu la kwanza alinijia na yai bichi.

"Programu zote unazoziona," aliniambia, "zinakaa juu ya programu moja. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza. Ndiyo inayosikia mlango ukifunguliwa, pampu ikiwaka, saa ikigonga. Naiita kiini. Programu nyingine ikikosea, unaizima, unaiwasha tena, yamekwisha. Kiini kikikosea, mwanangu, hakuna aliyebaki wa kukusikia ukiomba radhi."

Kisha akanitia lile yai katika mkono wa kushoto, akaniambia nifanye kazi nalo mpaka alasiri. Niliandika, nilifungua majalada, nilipokea simu, yai mkononi. Adhuhuri vidole vilianza kuniuma. Alasiri nilipomrudishia, mkono wangu ulikuwa unatetemeka, wala sikuwa nimebeba kitu kizito.

"Hiyo ndiyo kazi yetu," akasema, akaenda kulikaanga.

Mashine zilikuwa hofu yake, watu, la. Meneja wetu alikuwa mwanamume mkubwa wa sauti na wa mwili, na wahandisi walisimama wakizungumza naye kwenye simu. Mwalimu alimjibu ameketi, tena akichambua karanga. Siku moja Meneja alichoka kungoja mabadiliko aliyoahidiwa tangu mwezi uliopita.

"Mwalimu, wewe ni mwoga kama kuku."

"Kuku, Meneja, hufa peke yake. Nyinyi mashujaa hufa na watu wenu."

"Basi ni lini?"

"Nitakapokuwa nimeshindwa kuiharibu."

Meneja akatugeukia sisi, akitafuta wa kucheka naye. Mwalimu akamsaidia: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wee cheka tu, mwanangu, ndivyo ilivyoandikwa." Na kweli tulicheka, Meneja naye, na mabadiliko yakangoja majuma mengine matatu.

Siku nyingine nyoka aliingia chumba cha mashine akifuata ubaridi. Tulitoka wote kwa mlango mmoja, mtu na kiatu chake mkononi. Mwalimu alimtoa kwa ufagio, kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa umeshika ukurasa ambao hakutaka upotee. Kwenye feri alisimama ukingoni kabisa, pale bati linapoishia na maji yanapoanza, naye hajui kuogelea, akila mabuyu na kutema kokwa majini. Nilimshika leso kwa nyuma. Akaniuliza ninaogopa nini.

"Utaanguka, Mwalimu."

"Nikianguka nitaanguka mimi," akasema, kana kwamba hilo lilimaliza neno.

Alikuwa na daftari la shule, la mistari, ambamo aliandika kila hatua ya kazi kabla ya kuifanya. Ukurasa wa kulia aliandika kwenda, wa kushoto aliandika kurudi. Hakuna hatua iliyoruhusiwa upande wa kulia kama ya kushoto yake ilikuwa tupu. Ukimletea wazo, hata liwe zuri vipi, alilisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Nionyeshe njia ya kurudi." Nilipomwambia nimeposwa na kijana wa Mambrui, aliuliza hivyo hivyo. Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Uchumba ule haukufika mbali, na siku nilipomweleza ulivyovunjika alinipikia tambi za nazi na hakutaja neno lake la kwanza, jambo ambalo mama yangu mzazi asingeliweza.

Kuhusu viini, sheria yake ilikuwa kwamba kipya hakiwekwi juu ya cha zamani kamwe. Kinawekwa kando yake. Mashine inaambiwa ijaribu kipya mara moja tu, na ikiamka vibaya, irudi yenyewe kwenye kile inachokijua. "Huvunji nyumba unayolala," alisema, "kabla mvua haijainyeshea ile mpya." Lakini mashine iliyoamka vibaya itajuaje kwamba imeamka vibaya? Hapo ndipo alipotengeneza kisanduku chake, kidogo kama kibweta cha dhahabu, ndani yake saa. Kiini kizima kilitakiwa kukigusa kila dakika. Kisipoguswa, kisanduku kiliigutusha mashine, kama unavyommwagia maji usoni mtu aliyezirai, na mashine ikaamka na kiini cha zamani. Alikiita mlinzi.

Hata mlinzi huyo Mwalimu hakumwamini. Kiangazi kizima aliandika viini vibovu kwa makusudi na kuvijaribu kwa pacha wa ofisini. Kimoja kililala mara tu kilipoamka. Kingine kilizunguka mahali pamoja kama punda wa kinu. Kingine kiliamka kizima, kikamgusa mlinzi kwa adabu kila dakika, na hakikufanya jambo jingine lolote. Huyo wa mwisho ndiye aliyemnyima usingizi. "Huyu namwogopa kuliko wote," alisema. "Anasalimu vizuri, na ndani hamna mtu."

Ndiyo sababu akaongeza sharti la pili. Kiini kipya kikiamka kule mtoni, kilipaswa kupiga simu Kilifi chenyewe, mara tatu. Tukikiitikia na tukaongea nacho, kinaendelea. Mazungumzo yakikatika kabla hatujakithibitisha, au simu ya tatu ikapita bila jibu, kinajiondoa, na cha zamani kinarudi. Alinieleza kwa maneno ambayo mtoto yeyote wa pwani angeyaelewa: "Unapiga hodi mara tatu. Usipokaribishwa, unarudi ulikotoka. Hungoji, huchungulii, huingii."

Sasa niseme kwa nini kiini kilihitaji kubadilishwa, maana bila hilo uoga wake utaonekana tabia tu.

Kule kituoni aliishi Kazungu na mkewe. Kazungu ndiye aliyetunza pampu. Mto ulipoleta taka, zilinasa kwenye wavu wa chuma chini ya kisima kinachopokea maji, naye alishuka kwa ngazi kuziondoa. Mfuniko wa kisima ulikuwa na swichi ndogo: ukifunguliwa, ishara inafika kwenye kompyuta, na kompyuta haiwashi pampu mpaka mfuniko ufungwe. Siku moja mfuniko ulifunguliwa wakati ule ule ambao tangi la Malindi liliomba maji. Ishara mbili zilifika pamoja. Kiini kilisikia moja. Pampu ikawaka na Kazungu yuko ngazini, maji kiunoni.

Alitoka. Ndala moja haikutoka. Alitupigia simu akicheka.

"Mwalimu, mashine yako imekula kiatu changu."

Nilimwona Mwalimu anaweka simu mezani taratibu, si pahali pake, sauti ya Kazungu ikiendelea kucheka ndani yake kama mdudu kwenye kopo. Tangu siku ile alimkataza asishuke kisimani mpaka atakapomwambia. Swichi kubwa ya mkono, ambayo ingeweza kuzikata pampu, ilikuwa imeungua na kipuri chake hakijafika. Kuizima kompyuta yenyewe hatukuthubutu: diski yake ilikuwa imechakaa, na mara ya mwisho ilipozimwa kabisa ilikataa kuzunguka kwa siku mbili. Kwa hiyo Kazungu alisafisha wavu kutoka juu, kwa ufito mrefu, akilalamika kwamba ni kama kumwosha ng'ombe kwa kijiti cha meno.

Mwalimu alitafuta kosa ndani ya kiini kwa miezi miwili. Alilipata mahali padogo, mistari minne. Alinionyesha kwa kidole juu ya karatasi. "Hapa," alisema. "Mtu anafunga mlango mmoja ili asikie wa pili, na anasahau kuufungua."

Kisha masika yakaja kabla hatujamaliza kukijaribu kiini kipya. Sabaki ulijaa rangi ya matofali, ukaleta matawi, mizizi, hata paa la banda. Njia ya kituoni ilikatika. Ufito wa Kazungu haukutosha tena, pampu zilianza kunguruma vibaya, na hospitali ya Malindi ikaanza kuweka maji kwenye mapipa. Meneja alisema Kazungu ashuke. Mwalimu alisema hatashuka na kiini kile. Meneja akasema, basi kibadilishe. Naye, aliyekuwa akiomba wiki moja zaidi kila wiki, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akasema, "Kesho."

Siku ya kwanza hatukupeleka kiini kipya. Tulipeleka kilichokufa. Ndivyo alivyoamua. Alitaka kuhakikisha kwamba njia ya kurudi inapitika kabla ya kumpitisha yeyote, na njia pekee ya kuhakikisha ilikuwa kuiua ile mashine ya mbali, ambayo hakuna gari lingeweza kuifikia, na kuona kama mlinzi ataifufua.

"Na asipoifufua?" niliuliza.

"Ndiyo maana mikono yangu iko hivi," akasema, akanipa niishike. Ilikuwa baridi kama ya maiti.

Alikituma kiini kile kilichokufa. Simu ikakatika. Tuliketi tukiitazama printa, ambayo ingetuandikia neno lolote litakalotoka mtoni. Feri ilikuja, ikashusha magari, ikapakia, ikaondoka. Mwalimu hakukaa wala hakusimama. Alikuwa amejiegemeza ukutani, macho yamefumba. Feri ilikuwa inarudi kwa mara ya pili simu ilipolia na printa ikaandika, kwa Kiswahili, maana alikuwa ameifundisha: NIMERUDI. KIINI CHA ZAMANI.

Alikwenda kutawadha, na alikawia huko.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya kiini chenyewe. Asubuhi alimpigia Kazungu kumweleza yatakayotokea, ili asishtuke. Nilimsikia akimwambia: "Pampu zitasimama kidogo. Halafu mashine itapiga hodi kwetu kwa simu, mara tatu. Usiogope."

"Siogopi, Mwalimu. Mimi na hodi!"

Simu ya kituoni ilikuwa moja, na waya mmoja: ile aliyozungumzia Kazungu ndiyo iliyotumiwa na mashine. Kiini kilichukua zaidi ya saa kupita waya ule. Tulikihesabu kilipofika, tukakihesabu tena, Mwalimu akanifanya nisome jumla kutoka mwisho kuja mwanzo. Kisha akakiambia kiamke.

Simu ililia. Mashine yetu ikaipokea. Lakini badala ya ule mluzi tuliouzoea, wa mashine mbili zikisemezana, chumba kizima kikajaa sauti ya mwanamume:

"Karibu! Karibu!"

Mluzi ukajaribu kupita chini yake, ukasongwa, ukakatika. Tukatazamana. Ikalia tena.

"Karibu ndani, jamani! Mlango wazi!"

Ikakatika. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama nikipiga kelele kana kwamba atanisikia, "Weka simu chini, Kazungu, weka chini!" naye anasema, sasa kwa ukali wa mwenyeji aliyechoshwa na mgeni mwenye haya, "Si nimesema karibu? Ingia basi!"

Kiini kikajiondoa kwa adabu zake. Printa ikaandika kwamba cha zamani kimerudi. Mwalimu akampigia.

"Kazungu. Nani alikwambia uinue simu?"

"Lo! Si ulisema itapiga hodi? Nikasikia simu inakwaruza ikizungusha namba, nikaitika. Ikanipigia ukelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikaitika tena. Ina adabu gani hii, Mwalimu? Inapiga hodi na haiingii."

Nilicheka, nilishindwa kujizuia. Mwalimu alikuwa amefunika uso kwa kiganja. "Kosa langu," alisema. "Hodi ile si yako, ni yetu. Safari hii usiiguse simu."

"Niisikie na ninyamaze? Na mimi nimo ndani?"

"Huwezi?"

Alifikiri. "Kwa kweli siwezi. Mkono utakwenda wenyewe."

"Basi toka. Nenda nje mpaka nikuite."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema, nami nilikuwa pale, na sikuona kasoro yoyote ndani yake. Daftari lilikuwa limefunguliwa mbele yetu, kulia kwenda, kushoto kurudi, kurasa zote mbili zimejaa.

Akakiambia kiini kiamke mara ya pili. Simu ikalia, mashine yetu ikapokea, na safari hii mluzi ukaja safi. Printa ikaanza.

KIINI KIPYA. NIMEAMKA.

Niliinua mikono kushangilia. Mstari wa pili ukatoka.

TANGI LINAOMBA MAJI. MFUNIKO WAZI.

Mikono yangu ilibaki juu. Kazungu alikuwa ametoka nje kama alivyoambiwa. Amesimama kando ya kisima, hana la kufanya. Ameona matawi yamejaa kwenye wavu. Amesikia pampu ziko kimya, kimya ambacho Mwalimu mwenyewe alimwahidi. Na mtu mchapakazi, pampu zimesimama, wakati gani mwingine angeungoja? Alikuwa kisimani. Ishara mbili zilikuwa zimefika pamoja, zile zile, na kati ya mtu yule na pampu palikuwa na mistari minne ambayo haijawahi kufanya kazi hii hata siku moja.

"Tukate!" nilisema. "Tukate tumpigie simu!"

"Nani ataipokea? Yumo kisimani."

"Mkewe!"

"Ukikata," Mwalimu alisema, kwa sauti ndogo sana, "itajua hatukuitika. Itarudi kwenye cha zamani. Na cha zamani ndicho kinachoua."

Njia ya kurudi, ile aliyoijaribu kwa kuua mashine, ndiyo sasa iliyokuwa imefunguka kinywa. Mbele hatukupajua. Mkono wangu ulikuwa umekwenda kwenye kibao cha herufi bila mimi kuupeleka.

"Usiguse. Usiguse chochote. Hata amri ya kukithibitisha itakuwa ishara ya tatu."

Akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Nami nikafanya vivyo hivyo. Tulikaa bega kwa bega kama watoto wa chuo cha Kurani waliotiwa adabu, na printa ikawa inaandika kila nusu dakika, kwa ukelele ule wake mkavu:

MFUNIKO WAZI. PAMPU ZIMESIMAMA.

MFUNIKO WAZI. PAMPU ZIMESIMAMA.

Kila mstari ulipoanza sikujua utaishiaje. Neno la mwisho lilikuwa linatoka herufi moja moja, na Z ya kwanza haikuniambia kama zimesimama au zinawaka. Nilijifunza wakati ule kwamba hofu haina kelele. Bega la Mwalimu lilikuwa gumu, halipumui. Nilihesabu mistari kumi na tisa. Wa ishirini ukasema:

MFUNIKO UMEFUNGWA.

Kisha, baada ya muda ambao sikuhesabu, ZINAWAKA.

Mwalimu aliandika amri ya kukithibitisha kiini kipya. Nilimsomea herufi kwa herufi. Akaituma, akakata, na simu ikalia papo hapo.

"Mwalimu!" Kazungu alikuwa na furaha. "Nimeusafisha wote. Mti mzima ulikuwamo! Zasikika? Zanguruma hizo!"

Mwalimu alinipa mimi simu.

Njia ilipofunguka alikwenda mwenyewe kituoni, na kufuli. Alitengenezesha kitasa ambacho pampu hazikuweza kuwaka bila ufunguo wake, na ufunguo ukafungwa shingoni mwa Kazungu kwa kamba. Meneja aliiita kazi ya mhunzi. Mwalimu alimwambia ndiyo, ni ya mhunzi, na ilipaswa kuwa ya kwanza. Baada ya hapo alibaki nasi chini ya mwaka mmoja. Alifanya kazi kama kawaida, kulia kwenda, kushoto kurudi, ila daftari jipya alilichorea safu ya tatu katikati. Juu yake aliandika: *Mtu yuko wapi?*

Nilidhani hiyo ndiyo hadithi yake yote. Nilikuwa nimekwisha iandika hivyo kichwani, ya mwoga aliyeshinda.

Mwaka jana nilimtembelea nyumbani kwake Malindi. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea mkeka, na kabla sijauliza hali akaniuliza kama nimepita kwa Kazungu. Nikamwambia sijapita. Nikamwambia pia kwamba ninaandika juu yake, na juu ya siku ile.

Mkono wake ulisimama kwenye mchele.

"Utaandika nini?"

"Ulivyoogopa, Mwalimu. Na kwamba hofu yako ndiyo iliyomwokoa."

Alitafuta chuya mahali ambapo nilikuwa sioni chuya. Alitoa moja, akaitupa.

"Wewe uliona nini, mstari ule wa pili ulipotoka?"

"Nilimwona Kazungu."

"Ndiyo. Uliinua mikono, nikakuona." Alichota mchele kwa vidole, akaumwaga. "Mimi nilifurahi."

Sikuelewa.

"Nilifurahi, mwanangu. Miezi miwili nilikuwa nikiwaza, nitazipataje ishara mbili kwa pamoja, kule, kwenye mashine ya kweli, nione kama kimepona. Sikuwa na njia. Na zikaja zenyewe. Nilisema moyoni, alhamdulillahi, sasa tutajua. Hivyo nilivyosema. Nautazama mstari ule, naangalia kiini changu. Kinafanya vizuri, nasema, kinafanya vizuri. Ulipopiga kelele tumpigie simu, ndipo nikakumbuka kwamba mfuniko haujifungui wenyewe."

Jua lilikuwa limeufikia mkeka. Alikusanya mchele katikati ya ungo kwa kiganja, akautandaza tena.

"Umemwambia Kazungu?" niliuliza.

"Nilikwenda mfungo uliopita. Nikamwambia mbele ya mkewe, neno kwa neno, kama hivi."

"Akasema nini?"

"Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa acheke, unamjua. Aliniuliza: 'Na kama zingewaka, Mwalimu, ungejua nini?'"

"Ukamjibu?"

"Nilimwambia ukweli. Ningejua kwamba kiini bado kina kosa."

Alipepeta ungo mara moja. Pumba ziliruka, zikatua magotini pake, hakuzipangusa.

"Halafu magharibi ikaingia, akaniwekea tende na maji, akaninawisha mikono, tukafuturu. Tende ile nilikaa nayo mdomoni mpaka mkewe akaniuliza kama ni chungu."